Tone Halijatosha

Jumamosi ya kupima, chai ya nyumbani kwetu huchelewa. Kwanza kadi, ndipo birika. Mama yake Chumvi huwa ameshaondoka alfajiri kwenda kwenye tanuri la mikate anakofanya kazi, kwa hiyo shughuli ile ni yangu. Nasogeza cherehani ukutani, nafuta meza, natandika gazeti safi, halafu naita.

Chumvi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na mwaka ule alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo tulimpa kwa sababu tangu alipoanza kutambaa alipenda kulamba chumvi kama mbuzi. Tulicheka sana, mpaka siku alipotapika akalegea kama nguo iliyoloa, ndipo daktari alipotueleza. Alisema juu ya figo za kila mtu kuna vitezi viwili vidogo. Hivyo hutengeneza homoni ambazo mwili hauwezi kusimama bila hizo, hasa siku ya homa au ya kuumia. Vya Chumvi vilizaliwa na hitilafu. Basi anameza vidonge mara tatu kwa siku, na kila baada ya miezi mitatu tunampima damu papo hapo nyumbani, ili daktari ajue kama dawa inatosha, imezidi, au imepungua.

Kipimo chenyewe si kikubwa. Kuna kadi nene yenye viduara vitatu: cha asubuhi kabla ya kidonge, cha mchana na cha jioni. Mtoto ananawa mikono kwa maji ya uvuguvugu, namtoboa ubavu wa kidole kwa kisindano, maana nchani panauma zaidi, kisha anaacha tone nono la damu lijaze kiduara chote. Saa inaandikwa pembeni. Halafu kadi naibana kwa kibanio cha nguo kwenye kamba ninayotundikia nyuzi zangu, mbali na jua na mbali na pasi, ikauke yenyewe. Jumatatu naipeleka kwa Muuguzi wa zahanati, naye anaituma maabara ndani ya bahasha.

Kwa mwaka mzima jibu lilikuwa lile lile: sawa, endeleeni hivyo hivyo. Ndiyo sababu Chumvi akaanza kuamini kwamba kadi zile hazisomwi na mtu. Alidhani zinawekwa kabatini tu, kama madaftari ya zamani.

Katika nyumba yetu kulikuwa na mtoto mwingine wa kike, binamu yake, mkubwa kwake kwa mwaka mmoja. Baba yake ni dereva wa malori, mama yake alikuwa masomoni mji mwingine, basi akaletwa kwangu. Huyu tulimwita Kasuku, na anayemjua haulizi kwa nini. Ukimtuma sabuni, atarudi na sabuni pamoja na habari za mtaa mzima.

Siku moja, kwenye foleni ya bomba la shule, Kasuku alikosa la kusema, akasema la nyumbani. Aliwaambia wenzake kwamba Chumvi hutolewa damu ikabandikwa kwenye kadi. Hakuwa na ubaya, alitaka tu wamsikilize. Lakini maneno yalipofika mwisho wa foleni yalikuwa yameota mikono na miguu. Kufikia mchana, wasichana walikuwa wakimpisha Chumvi njia. Kikombe alichonywea kiliachwa peke yake juu ya ukuta. Mmoja akasema, "Msimguse, atawatia kwenye kadi," wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Chumvi hakulia. Alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli, na hakuna aliyekuwa akimkaribia kwa shabaha. Alisubiri saa ya mazoezi ifike, akidhani pale uwanjani watasahau. Kapteni wa timu akamwambia bila kumtazama usoni kwamba apumzike kwanza mpaka atakapopona.

Aliporudi nyumbani siku hiyo alifungua daftari lake la hisabati ukurasa wa mwisho. Akaandika: wa kwanza, Kasuku. Wa pili, Kapteni. Wa tatu, yule wa kikombe. Akachora mstari chini ya kila jina kwa rula.

Mimi nilipata habari kwa mama mmoja aliyekuja kupimwa sketi ya mwanawe. Nilipandwa na hasira, sitasema uongo. Nikawaita wajukuu wangu wote wawili, nikawaambia kwamba nikimjua aliyetoa maneno ya nyumba hii nje, nitamhamishia kwa baba yao mkubwa, yule fundi wa kuchomelea vyuma, mtu asiyetaka kusikia mtoto akihema mezani. Nilisema hivyo ili kuwatisha. Kasuku akainamisha kichwa. Chumvi akamtazama, na mimi nikadhani ni huzuni.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kila mmoja kwa kinywa chake.

Jumamosi ya kupima ilikuta likizo inakwisha na shule zinakaribia kufunguliwa, nami nina sare arobaini za kushona. Muuguzi alikuwa amekwisha kusema kwamba Chumvi amefikia umri wa kujitoboa mwenyewe, mradi awe na shahidi wa kumwandikia saa. Nikasema basi, Kasuku awe shahidi, nikarudi kwenye cherehani yangu chumba cha pili.

Chumvi akafunga mlango. Akatoa kisindano kwenye kiboksi, akakiweka mezani, akasema kwa sauti ndogo, "Leta mkono wako."

Kasuku alidhani ni mzaha. Akauliza wa nini.

"Ulitaka watu wajue natobolewa. Sasa na wewe ujue. Ukikataa, naenda chumba cha pili namwambia Bibi ni nani aliyesema bombani. Utaanza kula kwa baba mkubwa leo leo."

Kasuku akaleta mkono. Chumvi akamtoboa. Tone likatoka zuri tu, lingetosha. Lakini Chumvi akaliinamia, akalikagua kama mwalimu anayekagua kucha, akasema, "Tone halijatosha." Akatoboa kidole cha pili. Akasema tena, "Tone halijatosha." Kidole cha tatu ndicho alichokikubali, maana Kasuku alikuwa ameng'ata ukosi wa gauni asilie kwa sauti. Kisha Chumvi akameza kidonge chake, akafungua mlango, akaniletea kadi. Nilimsifu. Nilimwambia mbona leo viduara vimejaa vizuri hivyo.

Wakafanya hivyo mchana, wakafanya hivyo jioni. Jioni ile, Chumvi aliniambia baadaye, alilala usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata tangu siku ya bombani.

Wiki mbili zilipopita, Muuguzi alituita. Alikuwa na karatasi ya maabara mkononi, na uso wake ulikuwa na furaha na mashaka pamoja. Alisema damu ya safari hii imekuja kama ya mtu asiye na ugonjwa wowote. Daktari wa tezi ameiona, naye anafikiri dawa imekuwa nyingi kupita mahitaji, na dawa ikizidi humzuia mtoto kurefuka. Basi tupunguze: kidonge cha mchana kiwe nusu, na cha jioni nusu. Baada ya wiki mbili tupime tena ili ahakikishe.

Nilishukuru Mungu palepale kwenye benchi. Chumvi alikuwa ameketi kando yangu, akakaza macho kwenye viatu vyake. Ndipo alipojua kwamba kadi zile zina msomaji. Angeweza kusema wakati ule. Lakini kusema kungekuwa kumpa Kasuku ushindi, naye hakuwa tayari kumpa Kasuku hata sindano iliyokatika tundu.

Na Kasuku je? Usiku ule wa habari njema nilimweleza mezani, naye alisikia kila neno. Alijua damu ile ni ya nani. Alijua dawa ya mwenzake imepunguzwa kwa ajili ya vidole vyake yeye. Kasuku, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, safari hii alinyamaza. Alikunja midomo, akaendelea kula.

Siku zile Chumvi alianza kuchoka. Alikuwa akiketi ngazini kabla ya kufika mlangoni. Nilimkuta mara mbili jikoni akitia chumvi kiganjani na kulamba, jambo aliloliacha zamani. Nikamuuliza, akasema ni joto. Kwa nini nilikubali? Kwa sababu karatasi ilikuwa imesema amepata nafuu, na mimi, niliyesoma madarasa machache, karatasi ya maabara naiheshimu kuliko macho yangu.

Jumamosi ya kipimo cha pili ikafika. Chumvi akafunga mlango tena. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, akalazimika kushika kisindano kwa mikono miwili. Kasuku hakungoja kutishwa, alinyoosha vidole mwenyewe, akamtazama mwenzake usoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Chumvi aliposema tone halijatosha, Kasuku akajibu polepole, "Toboa tu. Nina vidole kumi."

Chumvi aliniambia kwamba maneno yale hakuyasahau, lakini hakuyaelewa.

Jumapili alipata mafua na homa kidogo. Kwa mtoto mwenye ugonjwa ule, homa si jambo la kuficha. Siku ya homa dawa huongezwa, na sisi wote nyumbani tunajua hivyo kama tunavyojua njia ya sokoni. Lakini Jumatatu ilikuwa siku ya mtihani wa Kiswahili, na Chumvi alikuwa amepanga kumshitaki Kapteni mbele ya mwalimu kwamba huchungulia majibu. Lilikuwa jambo la kutunga, ila alikuwa amelitunga vizuri, siku, dawati na swali. Ilikuwa zamu ya jina la pili. Hakutaka kubakizwa kitandani. Akanawa uso kwa maji baridi, akaniambia ni mzima.

Alianguka mstarini, kabla wimbo wa asubuhi haujaisha.

Bahati nzuri mama yake alikuwa ameacha shuleni barua ya daktari na sindano ya dharura ndani ya kopo la biskuti, na Muuguzi alikuwa amemfundisha mwalimu wa darasa namna ya kuitumia, akifanya mazoezi kwa chungwa. Mwalimu aliuliza kopo liko wapi. Kila mtu alikuwa akimtazama Chumvi aliyelala chini, midomo imekuwa kama majivu, na aliyekimbia kulileta kopo ni Kasuku. Mwalimu akamchoma pajani, kisha wakampakia kwenye gari la shule.

Nilipofika zahanati nikiwa bado na utepe wa kupimia shingoni, nilimkuta ametundikiwa chupa ya maji yenye chumvi na sukari, macho ameyafumbua. Mama yake alikuwa njiani. Kasuku alisimama kona ya chumba, amekumbatia mifuko miwili ya shule.

Muuguzi alikuwa amechanganyikiwa. Mtoto huyu dawa yake imepungua sana, alisema, na hali karatasi inasema ilikuwa imezidi. Hajaona jambo kama hilo. Akaniomba ile kadi ya Jumamosi, ambayo ilikuwa mkobani mwangu, aitume kwa haraka, na daktari aamue kwa kadi hiyo. Nikaitoa. Viduara vitatu, vimejaa vizuri.

Hapo Chumvi akafungua mdomo. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Kasuku ndiye hunitolea vidonge mchana," alisema. "Labda alikuwa ananipunja."

Muuguzi akageuka kumtazama Kasuku. Na mimi nikamtazama, nikaona namna alivyoshika ile mifuko, mkono wa kushoto juu. Mimi ni mshonaji. Nimechomwa na sindano tangu kabla ya kuolewa, na najua sindano ya nguo humchoma mtu wapi: nchani, kidole kinachongoja chini ya kitambaa. Vidole vya Kasuku vilikuwa na vidoti vyekundu ubavuni. Nilikuwa nimeviona wiki zilizopita alipokuwa akinisaidia kupinda sketi, nikadhani ni miiba.

"Leteni mikono yenu," nikasema. "Wote wawili."

Kasuku akaweka mifuko chini, akanyoosha mikono. Nilihesabu matobo tisa, mengine bado na vijigamba. Kisha nikamfunulia Chumvi shuka, nikageuza vidole vyake kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Jumamosi alikuwa ametobolewa mara tatu, hivyo ndivyo kadi ilivyosema. Vidole vyake vilikuwa safi kama vya mtoto mchanga.

Nilingoja. Kungoja ni kazi ninayoiweza.

"Damu ya kwenye kadi ni yangu, Bibi," Kasuku akasema. "Na ile ya kwanza pia."

Akaeleza yote, bombani, mlango, vidole vitatu kwa kila kiduara. Chumvi akafumba macho. Nilidhani Kasuku amemaliza, lakini alikuwa na jambo jingine, na hilo lilimtoka kwa shida kuliko yote.

"Daktari alipopunguza dawa nilijua kosa liko wapi. Nikanyamaza makusudi. Nilitaka aumwe kidogo tu, kama alivyoniumiza. Sikujua kidogo inaishia wapi."

Nakiri kwamba mkono uliniwasha. Nilitaka kuwachapa wote wawili, mmoja akiwa kitandani hivyo hivyo na chupa yake. Nilivua utepe shingoni nikauzungusha mkononi mpaka ukanibana, ndipo nikakumbuka ni nani aliyewapa watoto hawa fimbo ya kutishana. Kitisho cha baba mkubwa kilikuwa changu. Mimi pia nilitaka kumkomoa mtu kwa sababu ya maneno ya bombani, na Chumvi aliokota hasira yangu akaitumia. Nikawaambia hivyo, mbele ya Muuguzi. Si rahisi kwa bibi kusema amekosea, lakini niliona kwamba nikilificha kosa langu, nitakuwa wa tatu kunyamaza.

Muuguzi alichukua ile kadi akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pipa la taka za hospitali. Akampigia daktari simu. Dawa ikarudishwa kama zamani, na kwa siku zile za homa ikaongezwa. Aliporudi aliketi pembeni ya kitanda, si kwa ukali.

"Mimi sikuwepo bombani," alimwambia Chumvi. "Sijui walikuumiza kiasi gani, na sitakwambia hukuumia. Lakini maabara haijui kwamba una ugomvi. Inasoma tone tu. Ukiipa tone la mtu mwingine, inamtibu mtu mwingine, na mwili wako unabaki bila wa kuusemea."

Mama yake alipokuja alisimuliwa, akaketi chini sakafuni na unga wa mikate bado mikononi, akalia. Chumvi hakuwa amelia tangu mwanzo wa mambo yale. Alipomwona mama yake hivyo, akalia naye.

Baada ya siku tatu aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alinionyesha daftari la hisabati. Nilisoma polepole, kwa kidole. Kasuku. Kapteni. Yule wa kikombe. Chini kabisa kulikuwa na wa nne aliyeongezwa kwa kalamu nyingine: Bibi. Nikauliza kosa langu. Akasema, kwa haya, nilimlazimisha kupima siku aliyokuwa na mafua mwaka uliopita.

Nikacheka mpaka miwani ikateleza. Kisha nikamrudishia daftari.

"Orodha yako ina watu wanne, mjukuu wangu," nikamwambia. "Aliyeanguka mstarini simwoni humu."

Aliufunika ule ukurasa kwa kiganja. Hakuuchana mbele yangu, wala sikumwomba. Nilikuja kuona baadaye kwamba daftari limepungua karatasi moja.

Shuleni, mwalimu alimwita Chumvi mbele ya darasa, si kwa kumwadhibu, bali aeleze mwenyewe ugonjwa wake. Alikwenda na kadi tupu na kisindano kilichofungwa. Alieleza vitezi, alieleza homa, alieleza kwamba hauambukizi kwa kikombe wala kwa mpira. Kasuku alisimama akasema ni yeye aliyetoa siri na kwamba haikuwa yake kuitoa. Kapteni hakuomba radhi siku hiyo. Wiki iliyofuata alimrushia Chumvi mpira bila kusema kitu, na Chumvi, aliyekuwa na hadithi tayari ya kumwangamiza, aliudaka.

Jumamosi iliyopangwa na daktari nilisogeza cherehani ukutani, nikatandika gazeti. Sare zilingoja. Mlango uliachwa wazi. Chumvi alinawa mikono, akatoboa ubavu wa kidole chake mwenyewe, akakibonyeza juu ya kiduara. Kasuku alikuwa na kalamu na saa. Siwezi kuwadanganya kwamba walikuwa marafiki, maana walikuwa wameketi ncha mbili za benchi.

Kasuku akachungulia kadi.

"Tone halijatosha," alisema.

Chumvi akainua uso ghafla. Nikaacha kumimina maji kwenye birika. Kwa muda hakuna aliyejua neno lile limekuja na nini. Kisha Chumvi akatazama kadi mwenyewe, akaona ukingo mweupe uliobaki kwenye kiduara, mwembamba kama kucha.

"Kweli," akasema. "Halijatosha." Akakibonyeza kidole tena mpaka pakajaa, na Kasuku akaandika saa.

Nikaibana kadi kwenye kamba, nikawaita mezani. Kabla ya kumimina chai niliwaambia lile ambalo ningependa kila mtoto anayesoma haya alichukue. Mtu akikukosea, mseme, mshitaki, kasirika hata mwezi mzima. Lakini ukweli wa mwili wako usiufanye silaha, maana ndio peke yake unaomwonyesha daktari pa kukushika unapoanguka. Na wewe unayeona mwenzako anapotea ukanyamaza kwa kisasi, jua kwamba umemsaidia kupotea.

Kasuku aliuliza kama sasa anaweza kunywa chai. Nikampa, na Chumvi akamsogezea sukari bila kuambiwa.